Siku Magonjwa ya Zamani Yaliposimamishwa Kazi

Kuanzia saa sita usiku wa Jumapili ile, magonjwa yote ya zamani yalisimamishwa kazi katika mji wa Arua, vitongoji vyake, na barabara yote ya kwenda Koboko.

Tangazo lilisomwa redioni na Katibu wa Kamati mwenyewe, Bwana Muzamili, kwa sauti aliyoirithi kwa babu yake sajini, sauti ya kuwapanga watu mstari hata wakiwa wamelala. "Malaria, kipindupindu, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu na Ukimwi," alisoma, "yanaagizwa kusitisha shughuli zake zote mpaka yatakapoarifiwa vinginevyo. Kwa sasa tunashughulikia korona. Hatuna bajeti ya kuugua mara mbili."

Usidhani ni mzaha. Hoja ilikuwapo, tena nzito. Korona ni mgeni mkubwa, ametoka mbali, amekuja kwa ndege. Mgeni wa hadhi hiyo hapangishwi chumba kimoja na malaria, kitu cha hapa hapa, kimezaliwa kwenye madimbwi ya mtaa wetu wa Oli na hakijawahi kupanda hata basi. Ndipo ikaundwa Kamati Maalumu ya Ugonjwa Mpya na Mambo Yanayofanana Nao, na kazi yake ya kwanza ikawa kuhakikisha kwamba hakuna jambo lolote linalofanana nao.

Sisi watu wa huku tuna kumbukumbu ndefu, kwa sababu tumezika sana. Kipindupindu kilitufundisha kuchemsha maji. Ebola, iliyokuwa ikichungulia kutoka ng'ambo ya mpaka, ilitufundisha kutundika jerikani mlangoni na kamba yake, ukanyage kijiti limwage maji unawe. Ikatufundisha na kusalimiana kwa kuinua mkono kama mtu anayesimamisha lori. Ukimwi ukatufundisha somo kubwa kuliko yote: kuchukua dawa kwa kundi. Wagonjwa wanakusanya kadi zao, mmoja anakwenda kliniki, anawaletea wote, na safari ijayo ni zamu ya mwingine. Hakuna anayepoteza kutwa nzima kwenye benchi, na asiyeonekana kwenye mkeka wa kundi hufuatwa nyumbani kabla hajaanza kunuka mauti.

Mambo yote hayo yalikuwa tayari, yamekaa yanangoja, korona ikiwa bado inafunga mizigo yake huko ilikotoka. Kamati iliyatazama, ikayaita "mazoea ya zamani yanayokinzana na mkakati." Ikachukua mahema ya Ebola, ikafuta jina la Ebola, ikaandika jina lake. Huo ndio uliokuwa mkakati.

Kikao cha pili kilikuwa na vurugu ndogo. Daktari Evelyn, mjumbe pekee aliyekuwa amemgusa mgonjwa mwaka ule, aliinua mkono.

"Waheshimiwa, wale watu wenye homa mliowafungia shuleni, nimewapima. Karibu wote wana malaria."

"Haiwezekani, Daktari," Muzamili alimjibu kwa upole, kama unavyomweleza mtu aliyechelewa kufika. "Malaria imesimamishwa."

"Imesimamishwa na nani?"

"Na sisi."

"Na mbu wamearifiwa?"

Mwenyekiti, Mheshimiwa Fabiano, akagonga meza. "Daktari, tusiingize siasa."

"Basi angalau yatumieni makundi ya dawa. Wale watu wanajua kila nyumba. Wanajua nani anakohoa, nani hana chakula, nani amejificha. Hata korona wataitafuta wao kabla yenu."

Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma. "Hao si wataalamu, Daktari. Ni wazoefu tu."

Kikao kikaazimia kwamba Daktari Evelyn awe mjumbe mwangalizi, maana yake aangalie, asiseme. Muzamili aliandika azimio hilo kwa mwandiko mzuri.

Jambo moja halikuandikwa. Kila usiku baada ya taarifa ya habari, Muzamili na mkewe Latifah hukaa ukingoni mwa kitanda, kila mmoja akameza kidonge chake, maana wote wawili wana virusi. Dawa hizo huzichukua Koboko. Wakubwa wa Arua hawachukui dawa Arua, ambako mwandikishaji wa kliniki ni shemeji wa mtu na mfagizi ni jirani wa mtu. Huenda Koboko. Nao wakubwa wa Koboko, inasemekana, huja Arua. Hupishana njiani, kila mmoja amepandisha kioo cha gari.

Kwa hiyo Muzamili alipopewa kazi ya kuandika kanuni za kizuizi cha barabara ya Koboko, hakuwa na wasiwasi. Gari la Kamati lilikuwa na stika, na stika haikaguliwi. Tatizo lilikuwa raia. Kamati ilikuwa imepata habari kwamba wapo watu wanajifanya wagonjwa wapate kupita wakauze nyanya. Kuwazuia wagonjwa wote lingekuwa jambo la kikatili, na Kamati haikuwa katili. Hapo Muzamili akabuni Kifungu cha Tano: mtu mwenye ugonjwa uliosimamishwa ataruhusiwa kupita endapo atatamka jina lake na ugonjwa wake kwa kipaza sauti, mbele ya wasafiri wote, apate kushuhudiwa.

"Nani atathubutu?" aliwauliza wajumbe. "Aibu ni askari asiyedai mshahara."

Wakampigia makofi.

Kipaza sauti alikabidhiwa Koplo Yugu, Mkakwa wa Ludara, mtu asiyejua utani. Siku ya uzinduzi Kamati nzima ilikwenda kizuizini na viti vya plastiki. Lori la mihogo lilipofika kutoka Koboko, wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja mnene wa Kinubi, amejifunga gurbaba ya njano kama wanavyojifunga mabibi wa Kinubi, na mfuko mkubwa begani. Muzamili alimtambua papo hapo, akainua ajenda akafunika uso. Ni Kulusum, muuza kisira wa soko la Koboko, ile chapati yao nyembamba kama kitambaa. Kwenye kliniki ya Koboko mama huyu hukaa bencheni kama mwenye nyumba, na alikwisha kumwona Muzamili pale si mara moja, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mama, wewe iko na nini?" Yugu akamuuliza.

"Mimi iko na haraka."

"Ugonjwa, mama. Sema kwa hii kitu, jina na ugonjwa. Ni sheria."

Kulusum akakipokea kipaza sauti, akakipuliza, akakipangusa mdomo kwa ncha ya gurbaba.

"Watu ya Arua, munanisikia? Mimi Kulusum ya Koboko. Mimi iko na virusi ya Ukimwi, tangu ile wakati watu walikuwa nakufa kama kuku na jirani nasema ni uchawi. Dawa nakunywa. Mimi iko mzima kuliko hii Kamati imekaa hapa. Kwa hii mfuko iko dawa ya watu ya kundi yangu. Wenyewe najijua. Wiki ijayo nakuja tena, na kisira nabeba. Mwenye nataka, aseme."

Wajumbe walikaa wakisubiri umma ucheke. Kutoka nyuma ya lori mtu mmoja akauliza, "Kisira iko na mchuzi?"

"Ya mrenda!"

"Basi mimi nataka!"

Hapo watu wakacheka, lakini si kicheko kile kilichokuwa kwenye ratiba.

Kulusum akapita mbele ya viti vya plastiki, akasimama mbele ya ile ajenda iliyofunika uso.

"Katibu," alisema Kulusum taratibu. "Nisalimie Latifah." Akaenda zake.

"Mnafahamiana?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni mambo ya kisira," alisema Muzamili.

Jioni ile, nyumbani Oli, Latifah aliichukua chupa ya vidonge akaitikisa karibu na sikio la mumewe. Ililia kama njuga ya mtoto.

"Chupa ikilia hivi maana yake nini, Katibu?"

Siku za amani humwita Baba Hawah. Akimwita Katibu, mwanamume hutafuta viatu vyake.

"Nitakwenda na gari la Kamati. Lina stika."

"Mpe Kulusum kadi zetu. Atatuletea."

"Nijiunge na kundi? Nikae kwenye mkeka mmoja na wauza mkaa, nimkabidhi mtu kadi yangu? Latifah, mimi ndiye niliyeandika Kifungu cha Tano!"

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole."

Muzamili akaanza kueleza habari za hadhi ya ofisi. Latifah alimwacha afike mwisho.

"Kaka yangu Tahiru naye alikuwa na heshima zake. Alificha mpaka tukamwosha maiti. Heshima yake ilibaki nzima kabisa, hata mkwaruzo haina. Aliyekwisha ni yeye."

Kikao kilichofuata, Muzamili aliomba ridhaa ya kwenda Koboko kukagua mpaka. Alishangaa kuona Mhazini naye ameinua mkono: na yeye alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuukagua mpaka ule. Ofisa wa Usalama akainua. Mjumbe wa Vijana, mwenye mvi, akainua. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akasema kwamba mpaka ni jambo nyeti, yafaa aende yeye. Haijapata kutokea Kamati ikaupenda mpaka kiasi kile. Na kila mmoja alisisitiza kwenda peke yake, kwa gari lake, kwa siku yake, ili kuepuka msongamano. Muzamili aliguswa sana na uzalendo huo, akauandika wote.

Wa kwanza kwenda alikuwa Mhazini, naye ndiye aliyewaponza. Kabla hata hajaukagua huo mpaka, pale sokoni Koboko, watu walilipiga picha gari la Kamati: kiti cha nyuma kimejaa mbuzi wa harusi ya binti yake. Mbuzi mmoja alikuwa amevalishwa barakoa. Mhazini hakuwa nayo, akageuza gari mbio. Picha ikazunguka kwenye simu mpaka Kampala, na kutoka Kampala ikaja amri fupi isiyo na salamu: vibali vyote vya magari vimefutwa, vya Kamati vikiwa vya kwanza. Anayetaka kupita apite kwa kanuni zilizopo.

Kanuni zilizopo, kila mtu alijua zimeandikwa na nani.

Vidonge vikaisha. Vya Latifah vilitangulia, maana alikuwa akimgawia Rosina, mfanyabiashara wa Sudan Kusini aliyekwama Oli tangu barabara ifungwe. Muzamili alipolijua hilo alitaka kufoka, lakini akakuta hana kifungu cha kufokea. Asubuhi iliyofuata alimkuta mkewe amesimama mbele ya kioo, amejifunga gurbaba yake ya sikukuu.

"Unakwenda wapi?"

"Kizuizini. Nakwenda kusema."

"Oli nzima itasikia!"

"Oli ikisikia itanisalimia. Oli ikinizika, itasema Latifah alikuwa mtu mkimya sana, Mungu amrehemu. Wewe unataka ipi?"

Muzamili alitafuta viatu vyake. Halafu akainuka, akatoa baiskeli uani. "Nipe kadi, ya kwako na ya kwangu. Nitakwenda mimi. Kile kizuizi ni changu. Yugu ni kijana wangu, atanipungia mkono tu."

Alifika jua likiwa limeshaanza kuuma. Mstari ulikuwa mrefu, akaupita wote kwa mazoea mpaka mbele kabisa. Koplo Yugu akampigia saluti safi.

"Afande Katibu, mstari nanza huko nyuma."

Akarudi nyuma. Muda si muda akaja kusimama nyuma yake mtu mmoja amevaa kofia ngumu ya pikipiki, kioo kimeshushwa, na pikipiki hana. Nyuma yake akaja mwingine amejifunika shuka mpaka puani kwenye jua lile. Kando ya barabara, juu ya magunia ya mihogo, Kulusum alikuwa amekaa, ndiyo kwanza ameshuka kutoka Koboko na mfuko wake, anajipepea.

Zamu ikafika. Yugu akamwelekezea Katibu bunduki ya kupima joto kwenye paji la uso.

"Joto iko sawa. Ugonjwa?"

"Koplo, mimi niko kwenye ziara ya kikazi."

"Ziara nafutwa. Kampala nasema."

"Hiki kifungu nimekiandika mimi mwenyewe!"

"Naona saini, Afande. Saini mzuri sana."

"Basi nakuamuru uniruhusu."

Yugu akafikiri kwa uaminifu wote. "Kifungu nasema hakuna mutu anaruhusiwa kumuruhusu mutu. Ile maneno ilinisumbua kusoma. Lakini nilisoma."

Mstari ulikuwa umesogea karibu, maana watu wa Arua husikiliza kwa miguu. Muzamili akainama, akanong'ona, "Nina vidonda vya tumbo."

"Vidonda ya tumbo hapana simamishwa. Tangazo yako haikusema. Rudi nyumbani."

"Basi... malaria."

"Malaria ni homa. Homa nakwenda kule shule, nafungwa na wenzake. Ni wewe ulisema." Yugu akanyoosha kidole kulitafuta lori la kubebea wenye homa. "Niite gari?"

"Hapana! Usiite gari."

Alitazama nyuma. Alitazama mbele, barabara ya Koboko nyekundu na tupu. Kila mlango wa kutokea aliuona, na kila mlango alikuwa ameufunga mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Akamwona Latifah amekaa ukingoni mwa kitanda na chupa isiyolia. Akakumbuka uzito wa mwili wa Tahiru siku ya kumwosha, ulivyokuwa mwepesi, mtu mzima unambeba kama kuni.

Akakichukua kipaza sauti.

"Mimi, Katibu wa Kamati Maalumu ya Ugonjwa Mpya na Mambo Yana..."

"Jina fupi," alisema Yugu.

"Mimi Muzamili wa Oli." Sauti ya sajini haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, ambayo hakuwahi kuisikia redioni. "Mimi na mke wangu tuna virusi vya Ukimwi. Dawa zetu zimekwisha. Naomba kupita."

Mstari wote ukamgeukia. Hata injini ya lori la mihogo ilionekana kufikiri. Kisha mama mmoja muuza mkaa akasema kwa sauti, "Afadhali. Mimi nilidhani hii mutu naugua makaratasi peke yake."

Kicheko kikaanza mbele, kikatambaa mpaka mwisho wa mstari, na ajabu ni kwamba Muzamili alijikuta yumo ndani yake. Kulusum akateremka kwenye magunia.

"Shemeji, sasa wewe ni mutu ya kundi. Mke yako hapana ngoja baiskeli: mimi napita Oli saa hii, nampa ya akiba yetu, na ile Rosina pia. Wewe ukirudi, unarudisha." Akatia mkono mfukoni akatoa furushi la kadi limefungwa mpira. "Na kwa sababu wewe nakwenda, unabeba ya wenzako yote. Watu ya kliniki najua. Ni zamu yako."

"Mimi?"

"Nani hapa iko na baiskeli?"

Akazipokea. Alikuwa akizitia mfukoni Yugu alipoita, "Mwingine! Toa kofia."

Mwenye kofia ya pikipiki hakutoa. Yugu akamsaidia. Chini ya kofia, ametota jasho, alikuwa Mheshimiwa Mwenyekiti Fabiano. Mwenye shuka akageuka taratibu ili aondoke, shuka ikanasa kwenye baiskeli ya mtu, na hapo akaonekana Mhazini. Ofisa wa Usalama alikuwa nyuma yake, ameshika jogoo kama muuza kuku, lakini jogoo alimpakata kama mtoto mchanga, kama mtu aliyezaliwa mjini. Mjumbe wa Vijana alikuwa amejitahidi zaidi ya wote, amevaa sketi.

Lakini mkubwa ni mkubwa. Mwenyekiti alijifuta uso, akakaza shingo.

"Waheshimiwa wajumbe, naona akidi imetimia. Kwa mamlaka niliyonayo naitisha kikao cha dharura, hapa hapa tuliposimama. Ajenda ni moja: kukifuta Kifungu cha Tano. Kwa haraka. Katibu, andika."

"Naunga mkono!" alisema Mhazini.

"Naunga mkono!" alisema Ofisa wa Usalama, na jogoo naye akasema lake.

Wote wakamgeukia Muzamili. Alikuwa ameshapitisha mguu mmoja juu ya baiskeli. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshaoga, ameshajikausha, na kwa mara ya kwanza tangu kikao cha kwanza upepo ulikuwa unampata vizuri.

"Katibu hayupo, Mheshimiwa," alisema. "Aliyepo ni mgonjwa, na ana safari."

"Muzamili! Bila Katibu kikao si halali!"

"Ndivyo tulivyoandika."

"Muzamili, tafadhali. Ndugu yangu. Nina familia."

"Na mimi," alisema Muzamili, bila ubaya. "Ndiyo maana nawahi kliniki. Kama na wewe una kadi, nipe, nitakuletea. Lakini kupita hapa, sema na Koplo. Mimi hakuna ninayeruhusiwa kumruhusu."

Mwenyekiti aliangalia huku, akaangalia kule, akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kadi imekunjwa ndogo kama hirizi. Muzamili akaitia pamoja na nyingine. Akakanyaga pedali.

Alikuwa ameanza kupanda kilima cha kwanza aliposikia nyuma yake kipaza sauti kikikoroma, kikikohoa, kikinyamaza. Kisha ikaja sauti ya Koplo Yugu, yenye heshima zote za kijeshi:

"Paza kidogo, Mheshimiwa. Watu ya nyuma hapana sikia."